Vijana Ambao Hawakurudi Chuoni

Yohane Mtakatifu anatusimulia katika Injili yake kwamba Bwana wetu Yesu Kristu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, hakuwapa mitume wake nafasi ya kuketi na kuusifu muujiza ule. Aliwatuma wazunguke majanini, waokote vipande vilivyobaki, asije akapotea hata mmoja wa makombo yale. Wakazunguka, wakaokota, wakajaza vikapu kumi na viwili. Mikate ile ilikuwa ya shayiri, yaani chakula cha maskini. Na Yeye aliyeizidisha kwa neno la baraka angaliweza kabisa kuwaachia ndege masalio. Hakuwaachia. Hapo twaiona desturi ya Mungu: akiisha kuwashibisha wengi, huuliza habari za kile kilichoanguka chini.

Fundisho hili la vipande tumelichagua kwa ajili ya juma hili, maana liko jambo ambalo familia nyingi za Kikristu zinalibeba kimya kimya. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, vijana wetu waliokuwa katika vyuo vikuu walirudishwa nyumbani. Baadaye vyuo vikafunguliwa, na wengi wakarudi, wakamaliza masomo, wakavaa majoho, wakapigwa picha pamoja na wazazi wao. Tulimshukuru Mungu kwa ajili yao, na twaendelea kumshukuru. Lakini wako wengine ambao sanduku walilokuja nalo mwezi ule wa Machi halikufungwa tena kwa safari. Hao ndio vipande vilivyobaki majanini. Nia yetu leo ni kuuliza: Je, ni nani kati yetu aliyepewa kikapu?

MILANGO ILIPOFUNGWA

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu miaka hupita na wanadamu husahau. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa Korona umekuwa janga la ulimwengu mzima. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, ikatangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza katika nchi yetu, huko Arusha. Kesho yake serikali ikaamuru shule zifungwe, na tarehe 18 Machi vyuo navyo vikafungwa. Katika muda wa siku chache stendi za mabasi zilijaa vijana wenye mabegi na magodoro, wakirudi Kigoma, Songea, Bukoba na Mtwara, wengi wao wasiwe na akiba yoyote ila nauli ile.

Haikuwa kwetu peke yetu. Ulipofika mwezi Aprili mwaka ule, vyuo vikuu vilikuwa vimefungwa karibu katika nchi zote za dunia, na wanafunzi wa elimu ya juu zaidi ya milioni 220 walikuwa nje ya madarasa yao. Tangu vyuo vikuu vianze kuwako ulimwenguni, haijapata kutokea kwamba vingi namna ile vifunge milango kwa wakati mmoja. Jirani zetu wa Kenya waliwataka wanafunzi wao wa vyuo vikuu waondoke kabla ya tarehe 20 Machi kupita, na miezi mingi ikapita kabla ya kuanza kuwarudisha kwa mafungu. Jirani zetu wa Uganda walipata majaribu makubwa kuliko wote. Walifunga tarehe 20 Machi 2020. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaanza kurudi Oktoba. Vyuo vikafungwa tena Juni 2021, na mlango ukafunguliwa tena Novemba mwaka huo.

Katika nchi yetu vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, yaani baada ya siku 75 tu. Ndiyo maana wako watu wasemao kwamba Korona haikuwadhuru wanafunzi wetu wa vyuo vikuu: eti walipumzika kidogo, kisha wakarudi. Twawaomba wenye kusema hivyo watazame tena. Kwa Uganda jeraha lilikuwa la muda. Kwetu, jeraha kubwa lilikuwa la mfuko. Mlango waweza kufunguliwa kwa tangazo la siku moja, lakini tangazo halimpi mzazi ada.

Tutoe mfano mmoja ulio wazi. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wapatao 1,500,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 620,000 tu. Ndani ya tofauti hiyo wamo wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, madereva wa Arusha, wapishi na watandikaji vitanda wa hoteli za Unguja, wachonga vinyago, na akina mama waliokuwa wakiwauzia mboga wapishi wale. Kati ya hao walikuwamo wazazi wenye mtoto chuoni. Ni kweli kwamba Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi yake mwaka 2005, imewasaidia vijana wengi sana; lakini si kila mwanafunzi hupata mkopo, wala si kila aupataye hulipiwa kila kitu. Basi, tarehe 1 Juni ilipofika, katika nyumba nyingi chuo kilikuwa wazi, lakini nauli haikuwapo, ada haikuwapo, wala kodi ya chumba. Kijana akaomba kusubiri muhula mmoja. Muhula ukawa mwaka. Mwaka ukazaa miaka.

Wengine hawakuzuiwa na fedha tu. Binti aliyerudi kutoka chuoni aliyakuta majukumu yote ya nyumba yakimngoja: kuuguza wazee, kulea wadogo zake, kusimamia jiko. Wengine walipata mimba katika miezi ile ya mashaka, wakaona haya kurudi mbele ya wenzao. Kijana wa kiume alikwenda machimboni au alishika usukani wa bodaboda, akisema moyoni kwamba atafanya hivyo mpaka apate ada. Alipoizoea fedha ya kila siku, au alipoona kwamba wadogo zake wanaitegemea kwa chakula, chuo kikawa mbali kama ng'ambo ya ziwa.

Tena ikumbukwe kwamba vyuo kadhaa, hasa katika nchi jirani zilizofunga kwa muda mrefu, vilijaribu kufundisha kwa njia ya intaneti. Jambo hilo lilikuwa jema, wala hatulidharau. Lakini lilionyesha waziwazi nani ana kitu na nani hana. Mtoto wa mjini aliketi mezani penye kompyuta na umeme. Mwenzake wa kijijini, ambaye simu yake haipati mtandao mpaka apande kilimani, alimsikia mwalimu wake maneno mawili akakosa matatu, na mara kifurushi kikaisha. Wote wawili walihesabiwa kuwa wamefundishwa somo lile.

CHUO KIKUU NI NINI?

Labda mtu atauliza: Mbona mnawalilia vijana hao kana kwamba wamekufa? Wanaishi, wanafanya kazi, wengine wameoa na kuolewa. Wamepoteza nini kikubwa namna hiyo?

Ili kujibu swali hili lazima tujue chuo kikuu ni kitu gani. Neno la Kilatini lililowapa watu wa Ulaya jina la chuo kikuu, yaani universitas, hapo zamani halikuwa na maana ya jengo. Lilimaanisha ushirika: kundi la waalimu na wanafunzi waliofungamana kwa kazi moja ya kuitafuta kweli. Huko Bologna na Paris, chini ya ulezi wa Kanisa, ushirika huo ulikuwako kabla ya kuwa na nyumba zake wenyewe. Mwalimu alikodi chumba, na wanafunzi wakaketi chini juu ya mabua. Ukiondoa mabua, chuo chabaki. Ukiondoa hata chumba, chuo chabaki. Ukimwondoa mwanafunzi, umeondoa sehemu ya chuo chenyewe.

Tazameni jambo lililotokea Kampala. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, wakati vyuo vya Uganda vilikuwa vingali vimefungwa, moto uliteketeza Jengo Kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941. Afrika Mashariki nzima ilisikitika, maana wengi wa viongozi wetu wa kwanza walisoma katika chuo kile, naye Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wao, tangu mwaka 1943 hata 1945. Fedha zikatafutwa, mafundi wakaitwa, na mwaka 2024 jengo likafunguliwa tena. Twaisifu kazi hiyo njema. Lakini katika miezi ile ile ambayo watu waliutazama moshi wa jengo, yalikuwa yakiteketea masomo ya vijana wengi, wala hapakuonekana moshi. Jengo likiungua, hasara yake hupimwa kwa fedha na watu hukutana kuijadili. Jina la mwanafunzi likifutwa katika daftari kwa sababu hakulipa, hakuna kengele inayolia. Mzazi hujua, na mwenyewe hujua, basi.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba kijana aliyekatishwa masomo amepotewa na kitu kikubwa, tena si yeye peke yake. Kijiji kilichotarajia mwalimu wa hesabu hakikumpata. Zahanati iliyotarajia mganga au muuguzi haikumpata. Ushirika wa wenzake nao umepungukiwa na swali ambalo yeye angeliuliza, na jibu ambalo yeye angelitoa. Mungu humpa kila mtu talanta yake kwa ajili ya wengi. Na talanta ikifukiwa ardhini, hata kama aliyeifukia ni umaskini wala si uvivu, wengi hupata hasara.

WAKRISTU WA ZAMANI WALIFANYA NINI?

Hii si mara ya kwanza kwa maradhi kuyapiga makao ya elimu. Kati ya mwaka 1347 na 1351 tauni iliingia Ulaya, ikaua watu wengi kiasi kwamba nchi nyingine zilipoteza theluthi ya watu wake au zaidi. Mapadre, waliokuwa wakiingia katika nyumba za wagonjwa kuwapa Sakramenti, walikufa kwa wingi. Makanisa yakabaki bila wachungaji, na vyuo bila waalimu. Watu wa wakati ule wangaliweza kusema: Zama za elimu zimekwisha, na tujishughulishe na mashamba tu.

Hawakusema hivyo. Katika mji wa Cambridge, Uingereza, Askofu William Bateman wa Norwich, ambaye jimbo lake lilikuwa limefiwa na mapadre wengi, aliunda chuo kipya mwaka 1350 ili wapatikane watu wengine wenye elimu. Na miaka miwili baadaye, mwaka 1352, likatendeka jambo la ajabu zaidi. Vyama viwili vya ibada vya watu wa mji ule, kimoja kikiitwa kwa jina la Mwili wa Kristu na kingine kwa jina la Bikira Maria, viliungana na kujenga chuo. Hao hawakuwa wafalme wala maaskofu. Walikuwa raia wa kawaida wa mji, watu wa biashara na kazi za mikono, waliokuwa wamewazika ndugu zao juzi tu. Wanachama wa vyama vile walitoa mali zao na nyumba zao, ili wapatikane vijana wa kusoma na kuwaombea marehemu. Chuo hicho kingaliko mpaka leo, na kingali kinaitwa kwa jina la Mwili wa Kristu.

Ndugu wapenzi, hebu tulitafakari jambo hili. Waamini walei, wakiwa katikati ya msiba, walijiona kuwa wanahusika na elimu ya juu. Hawakungoja serikali peke yake, wala hawakumwachia askofu mzigo wote. Walipokuwa wakikusanyika mbele ya Ekaristi Takatifu walitambua kwamba Mkate wanaoula unawadai wavikusanye vipande.

Sisi nasi tunavyo vyama vya namna hiyo, tena vilivyo karibu na watu kuliko vile vya Cambridge. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristu ziwe msingi wa kazi ya Kanisa katika nchi zetu. Tangu hapo, kila juma, familia chache hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husali, husoma Neno la Mungu na kujuliana hali. Jumuiya yajua ni nani mgonjwa, nani amefiwa, na nyumba ya nani imeezuliwa na upepo. Je, yajua ni nani aliyeacha chuo mwaka 2020?

MFANO WA MTAKATIFU ALOISI

Kabla hatujasema la kufanya, yatupasa tuseme neno la faraja kwa vijana wenyewe, maana wamesikia maneno mengi ya kuvunja moyo. Wako wanaoitwa “msomi wetu” kwa kejeli, jirani akimwona ana jembe begani. Wako ambao baba huwakumbusha mbele ya wageni ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya ada ya mwaka wa kwanza. Wazazi wapenzi, acheni maneno hayo. Hayarudishi ng'ombe, na humfanya kijana aone kuwa jambo lililompata ni aibu yake, hali lilikuwa msiba.

Kanisa limewapa wanafunzi wote msimamizi wao mbinguni, Mtakatifu Aloisi Gonzaga. Wengi humheshimu, lakini ni wachache wanaokumbuka jinsi masomo yake yalivyoishia. Alizaliwa mwaka 1568 katika nyumba ya watawala huko Italia, akaziacha mali na urithi wake, akaingia Shirika la Yesu. Alikuwa akisoma taalimungu mjini Roma wakati mji ule ulipopatwa na maradhi ya kuambukiza, mwaka 1591. Aliacha vitabu akaenda kuwahudumia wagonjwa. Akaambukizwa, na tarehe 21 Juni mwaka ule ule akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 23. Hakurudi darasani, wala hakuwahi kupewa Daraja Takatifu ya Upadre. Mwaka 1726 Baba Mtakatifu Benedikto wa 13 alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Msimamizi wa wanafunzi, basi, ni kijana ambaye maradhi yalimkatiza masomo yake. Kanisa halikumpima kwa kile ambacho hakukimaliza. Lilimpima kwa upendo. Wewe binti uliyebaki nyumbani ukimwuguza bibi yako mpaka akafa mikononi mwako, na wewe kijana uliyewalisha wadogo zako kwa bodaboda, msidhani kwamba miaka ile ilipotea machoni pa Mungu. Ilikuwa miaka ya kazi aliyoiona na kuiandika.

Lakini tusilitumie neno hili la faraja vibaya. Mtakatifu Aloisi alikufa. Ninyi mko hai. Kwamba Mungu amekupokea hivyo ulivyo si sababu ya jirani zako kukuacha hivyo ulivyo, kama ungali una akili ya kusoma na hamu ya kusoma.

TUFANYE NINI?

Jambo la kwanza ni kuwajua kwa majina. Viongozi wa kila Jumuiya waulize, kwa upole na kwa faragha: Katika nyumba zetu hizi, yuko nani aliyeanza chuo akashindwa kumaliza? Asiulizwe mbele ya watu, wala jina lake lisisomwe kanisani. Aendewe nyumbani na mtu mzima mwenye busara, anayejua kunyamaza. Mitume waliinama ili kuviokota vipande. Hawakuviita vije vyenyewe vikapuni.

Jambo la pili ni kumsaidia kuijua njia. Wengi hawakurudi kwa sababu walidhani kuwa mlango umefungwa milele, na hakuna aliyewaambia vingine. Vyuo vina taratibu zake kwa wanaoahirisha masomo, na ziko taratibu za mtu kuhamisha masomo aliyokwisha kuyafaulu. Jibu la chuo laweza kuwa ndiyo au siyo. Lakini barua isiyoandikwa haijibiwi. Katika parokia zetu wamo waalimu, makarani na wastaafu wanaojua kuandika barua ya namna hiyo, na kumsindikiza kijana mpaka ofisini kwa msajili. Tena kiko Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao ili wakasome; kina vituo vyake mikoani. Mama mwenye mtoto mchanga aweza kusoma huko. Na kwa yule ambaye moyo wake umegeukia ufundi, viko vyuo vya ufundi stadi, na hiyo pia ni njia ya heshima. Mtakatifu Yosefu hakuwa na shahada.

Jambo la tatu linahusu fedha, na hapa tutasema wazi. Sote twajua jinsi tunavyofanya harusi. Kamati huundwa miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Huchaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za mchango hupelekwa kwa ndugu, jirani na wafanyakazi wenzetu. Vikao hufanyika kila juma. Na asiyetoa ahadi yake hupigiwa simu mpaka aitoe. Kwa njia hiyo familia isiyokuwa na kitu hupata ukumbi, mpambaji, mpiga picha na chakula cha watu mia tatu, na yote humalizika usiku mmoja. Hatusemi kwamba harusi ni mbaya, maana Bwana wetu mwenyewe alihudhuria ile ya Kana. Twasema kwamba watu wenye maarifa hayo ya kuchanga hawawezi kusema mbele ya Mungu kuwa hawakujua jinsi ya kumrudisha chuoni mtoto mmoja. Iundwe kamati ya mwanafunzi, kama ile ya harusi. Awepo mwenyekiti, katibu na mweka hazina mwaminifu, kadi zitolewe, fedha zilipwe moja kwa moja chuoni, zisipite mikononi mwa wengi, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga. Akina mama wa WAWATA, ambao kuchanga ni sehemu ya maisha yao, watatufundisha kazi hiyo. Jumuiya moja ikimsaidia mtu mmoja kwa mwaka, parokia yenye Jumuiya ishirini itakuwa imeokota vipande ishirini.

Jambo la nne lahusu siku zijazo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya Korona imekwisha. Lakini maradhi hayajakwisha duniani, na anayejenga nyumba baada ya mafuriko huinua msingi wake. Parokia iliyoweka akiba ndogo kwa ajili ya wanafunzi, hata kama ni mapato ya shamba moja au ya mizinga michache ya nyuki, haitaingia katika msiba mwingine mikono mitupu.

Wako watakaosema: Mambo hayo yamepita, aliyekuwa kijana wakati ule sasa ni mtu mzima, na muda wa kusoma umempita. Sisi twajibu: Mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa hakuuliza kwanza yule mmoja amepotea tangu lini. Alikwenda. Wengine watasema: Hata waliomaliza hawana kazi, ya nini basi kumrudisha mwingine? Twakiri kwamba ukosefu wa kazi ni uchungu wa kweli, na pengine tutaueleza siku nyingine. Lakini baba mwenye watoto wawili wenye njaa hamnyimi mmoja chakula kwa sababu mwenzake naye hajashiba. Tena elimu humsaidia mtu kufikiri, kupambanua, kulea watoto wake na kuwatumikia wenzake, hata kabla ya kuajiriwa.

Na ninyi vijana wenyewe, twawaomba jambo moja. Atakapokuja mzee wa Jumuiya kubisha hodi, msimfungie mlango kwa sababu ya haya. Mwelezeni ukweli: mlifika mwaka wa ngapi, mnadaiwa kiasi gani, cheti kipi kimepotea, mtoto mnaye au hamna. Ukweli wenu hautakuwa mzito kuliko upendo wa watu waliotumwa na Kristu. Na kama mmeamua kwa moyo mtulivu kwamba njia yenu sasa ni nyingine, semeni hivyo pia, mbarikiwe katika njia hiyo.

Jumapili ijayo, tutakapokuwa tukirudi kutoka mezani pa Bwana, kila mzazi, kila mwalimu, kila kiongozi wa Jumuiya na amkumbuke kwa jina kijana mmoja. Labda ni mtoto wa ndugu yake, labda ni wa jirani, labda ni wake mwenyewe. Kabla ya juma kwisha na amtembelee, akae naye, amsikilize, wala asianze kwa kumwonya. Mtakatifu Aloisi, wewe uliyeacha vitabu kwa ajili ya wagonjwa, utuombee. Uwaombee wanafunzi wetu walioko vyuoni wapate kusoma kwa bidii. Uwaombee wale ambao hawakurudi, waonekane na kuokotwa. Nasi utuombee tupate mikono mepesi ya kuinama na kushika kikapu.